Kafuri Tunayoiwasha
(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu baada ya arati ya jioni, siku ya kilele cha maadhimisho)



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema maneno machache katika siku hii kubwa. Tulipoombwa kuzungumza, tulisita. Elimu yetu ya darasani iliishia sekondari. Iliyobaki tuliipata nyuma ya kaunta ya duka, baina ya mizani na daftari. Tulimwuliza Mwenyekiti tuseme nini mbele ya watu waliosoma kutuzidi, naye akatujibu kwa ufupi: semeni juu ya kitu mnachokiuza. Basi tumechagua kitu kimoja kidogo, kinachotoshea katika ncha za vidole viwili, ambacho nyumba yetu imekiuza tangu enzi za babu yetu. Kitu hicho ni kafuri. Tutaizungumzia kwa Kiswahili, lugha inayotukutanisha sote tuliomo ukumbini.

Dakika chache zilizopita tulisimama mbele ya madhabahu. Maharaj aliweka vidonge vyeupe juu ya sinia, akaviwasha, mwali ukapanda, kengele zikalia, nasi tukapitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha usoni. Mwali ulipozimika, sinia ilikuwa tupu. Tukiwa watoto, wazee wetu walitufundisha maana ya jambo hilo: mja na awe kama kafuri, majivuno yake yaungue mbele ya Mungu yasibakize kitu, hata majivu. Ni fundisho jema, na hatukuja kulipinga. Tumekuja kuuliza maswali mawili ya muuza duka, ambaye kila jioni hana budi kufunga hesabu. Kile kilichokuwamo katika sinia kimekwenda wapi? Na kabla ya hilo: ni nini hasa kilichokuwamo?

Tuanze na jina, kwa maana jina lenyewe ni msafiri. Kwa Kisanskriti ni karpura. Kwa Kigujarati, kapur. Kwa Kimalei, kapur. Kwa Kiarabu, kafur. Na kwa Kiswahili, kafuri. Neno hili lilivuka bahari pamoja na bidhaa yake. Sisi huiwasha katika arati, na katika sala tunayoimba kila siku Bwana Shiva husifiwa kwa weupe wa kafuri. Majirani zetu Waislamu huitia katika maji ya mwisho ya kumwosha marehemu wao, nayo imetajwa katika Kurani, Sura ya 76, miongoni mwa neema za watu wema peponi. Kwa hiyo katika mji wetu wa pwani kopo moja la kafuri huweza kununuliwa asubuhi na mtu anayekwenda hekaluni, na jioni na mtu anayetoka kufiwa. Muuzaji wa bidhaa ya namna hiyo amebeba amana nzito kuliko uzito wa kopo.

Katika biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, kafuri iliyosifika sana ilitoka Sumatra na Borneo. Huko kuna mti mrefu wa msituni ambao fuwele nyeupe hujikusanya ndani ya nyufa za moyo wake, na wakataji walilazimika kuuangusha na kuupasua ili kuzipata. Bandari mashuhuri ya bidhaa hiyo ilikuwa Barus, katika pwani ya magharibi ya Sumatra. Marco Polo, aliyepita pande hizo mwishoni mwa karne ya 13, aliandika kuwa kafuri ya huko iliuzwa kwa uzito wake wa dhahabu. Akina mama wa Kigujarati waliomo humu wanalijua neno baras, la kafuri inayotiwa kidogo sana katika vyakula vitamu. Ndani ya neno hilo bado inasikika bandari ya Barus.

Kafuri ya pili, ambayo baadaye ilitawala soko, ilitoka katika mti mwingine unaoota kusini mwa China, Taiwan na kusini mwa Japani. Mti huo ni ndugu wa karibu wa mdalasini. Magogo yake yalichanwa vipande vidogo, yakapitishiwa mvuke wa maji ya moto, na mvuke huo ulipopozwa ulitoa mafuta na fuwele nyeupe. Sisi wa Afrika Mashariki tunaye mtu wa ukoo huo pia: mkulo wa milima ya Usambara, ambao mbao zake hunukia kiasi kwamba Waingereza waliuita mti wa kafuri wa Afrika Mashariki. Waliowahi kuwa na kasha la mkulo wanaielewa harufu tunayoisema.

Sasa tuifungue fuwele yenyewe. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba kila kitu kina hesabu yake ya ndani, na kwamba anayeijua hesabu hiyo hadanganyiki kwa urahisi. Hesabu ya kafuri ni hii: molekuli moja ina atomu 10 za kaboni, 16 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. Ile ya Barus, kwa kulinganisha, ina kaboni 10, oksijeni 1 na haidrojeni 18. Zimepishana haidrojeni mbili tu, na soko likaziita zote kwa jina moja kwa karne nyingi.

Umbo la molekuli ya kafuri ni kama kikapu kidogo chenye mpini. Kaboni sita zimefanya duara, ya saba imepita juu kama mpini na kuunganisha pande mbili za duara, na tatu zilizobaki zimechomoza nje. Umbo hilo linakaribia kuwa la mviringo, mithili ya gololi. Gololi haziwezi kushikana kwa nguvu kama matofali yanavyoshikana, na humo ndimo ilimo siri ya harufu. Molekuli zilizo juu ya kidonge huachia wenzao na kupaa hewani, bila kidonge kuyeyuka kwanza kuwa kimiminika kama barafu iyeyukavyo. Kafuri huyeyuka katika moto wa karibu nyuzi 175 na zaidi, lakini hata katika joto la kawaida la duka letu hutoka katika ugumu na kuingia moja kwa moja katika mvuke.

Jambo hilo tulilijua kwa mizani kabla ya kulijua kwa kitabu. Marehemu baba yetu, Bapuji, alitukataza kupima kafuri asubuhi na kuiacha wazi mpaka jioni. Alisema mnunuzi wa jioni atapunjika, nasi hatutakuwa na wa kumlaumu. Alituonyesha pia fuwele ndogo zilizojishika chini ya kifuniko cha chupa: kafuri iliyopaa, ikakosa njia ya kutoka, ikageuka tena kuwa ngumu. Ilikuwa haijapotea bali imehama.

Na hivyo ndivyo ilivyo katika sinia ya arati. Kidonge kinapowashwa, kinachoungua hasa ni mvuke unaopanda kutoka kwake. Kaboni hushikana na oksijeni ya hewa ikawa hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa kifuani tunapopumua. Haidrojeni hushikana na oksijeni ikawa mvuke wa maji. Vijana walioko sekondari wanaweza kuihakiki hesabu hii usiku huu. Gramu 152 za kafuri zikiungua kikamilifu hutumia gramu 432 za oksijeni. Jumla ya kilichoingia ni gramu 584. Zinatoka gramu 440 za hewa ya ukaa na gramu 144 za maji, nazo jumla yake ni gramu 584. Daftari limefungwa sawasawa, pande zote mbili. Sinia ni tupu, lakini ukumbi umepokea kitu kizito karibu mara nne ya kilichowekwa kwenye sinia.

Basi kwa nini hapabaki majivu? Majivu ya kuni ni madini ambayo mti ulifyonza kutoka ardhini, kama vile kalisi na potasiamu. Moto hauwezi kuyarusha, nayo hubaki jikoni. Lakini kafuri ilipokwisha kupanda pamoja na mvuke wakati wa kukenekwa, iliyaacha madini hayo yote ndani ya mbao. Ilijitenga na udongo zamani, kabla haijafika hekaluni. Hatudhani maelezo haya yanaliondolea fundisho la wazee uzito wake. Kafuri haibakizi majivu kwa sababu ilisafishwa kabla ya kuletwa motoni, na huenda mja naye ana kazi ya kufanya kabla ya kufika mbele ya madhabahu.

Hata hivyo, uunguaji kamili ni nadra. Katika kila gramu 100 za kafuri, takriban 79 ni kaboni, na mwali wa wazi juu ya sinia haupati oksijeni ya kuitosha kaboni yote hiyo. Inayokosa mwenza hupanda kama masizi. Bibi zetu waliyakinga masizi hayo chini ya bakuli wakatengenezea wanja. Masizi hayohayo ndiyo yaliyotia weusi dari ya hekalu letu, ambalo limepakwa rangi upya kwa sherehe hizi, na sehemu yake huingia vifuani mwetu.

Tulisema tutauliza pia ni nini kilichomo katika sinia. Hapa hatuna budi kueleza kwa kifupi jinsi kafuri ilivyotoka msituni na kuingia kiwandani.

Mwaka 1870 Mmarekani John Wesley Hyatt alipata hataza ya kuchanganya kafuri na pamba iliyotiwa asidi ili kutengeneza seluloidi, na kutokana nayo dunia ikapata vitana, wanasesere, na baadaye mikanda ya picha za sinema. Ghafla kila taifa la viwanda lilihitaji kafuri. Japani ilipoitwaa Taiwan mwaka 1895 ilishika misitu mikubwa ya mti huo, na mwaka 1899 serikali yake ikaifanya biashara ya kafuri ya kisiwa hicho kuwa haki yake pekee. Bei ilipopanda, wanakemia walitafuta njia nyingine. Mjerumani Julius Bredt alikuwa amekwisha kulitambua umbo la molekuli mwaka 1893, na Mfini Gustaf Komppa akafaulu kuiunda mwaka 1903. Viwanda vikafuata, vikianzia na mafuta ya tapentaini, yanayotokana na utomvu wa misonobari. Tapentaini nayo ina molekuli zenye kaboni 10. Kiwanda huzipanga upya na kuzitia oksijeni. Sehemu kubwa ya vidonge vya arati tunavyoviagiza leo kutoka India ilianza safari yake katika utomvu wa msonobari.

Je, kafuri ya namna hiyo ni bandia? Swali hili tumeulizwa dukani mara nyingi, na watu wema wanaohofia kwamba ibada yao imepungua. Jibu letu ni kwamba molekuli ni ileile: kaboni 10, haidrojeni 16, oksijeni 1, kikapu na mpini wake. Ipo tofauti moja. Kama mkono wa kulia na wa kushoto, molekuli ya kafuri inaweza kuwa na maumbo mawili yanayotazamana kama mtu na kivuli chake kiooni. Mti wa China na Taiwan hutengeneza umbo la upande mmoja tu, ilhali kiwanda cha kawaida hutoa mchanganyiko wa yote mawili nusu kwa nusu. Maabara huitambua tofauti hiyo kwa kupitisha mwanga wa namna maalumu. Pua ya mnunuzi haiwezi, na yetu pia haiwezi, ijapokuwa tumeinusa kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo anayeandika juu ya kopo "kafuri safi ya mti" na kutoza bei ya ziada, anamwuzia mteja neno ambalo mteja hana njia ya kulipima. Hatuoni dhambi katika kafuri ya kiwandani. Mungu ndiye aliyeuotesha msonobari pia. Dhambi imo katika jina la uongo. Na hili hatulisemi kama waalimu, maana lilitokea katika duka letu wenyewe.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, wiki mbili kabla ya Diwali, nasi tulikuwa vijana. Bidhaa ilikuwa adimu. Muuzaji mmoja wa jumla alituletea makasha ya vidonge vyeupe kwa bei iliyopungua sana, karatasi ikisema ni kafuri. Bapuji alikuwa safarini. Sisi wana ndio tuliopokea mzigo, tukafurahia bei, tukajaza makopo yenye jina la duka letu. Makopo 12 tuliyatoa kwa hekalu hili kama mchango wa sikukuu, na jina la familia likasomwa mbele ya waumini. Tulisimama kwa fahari.

Siku chache baadaye aliingia dukani Ba mmoja mzee, mjane aliyekuwa akija arati kila jioni. Alifungua ncha ya sari yake, akatoa kidonge, akakiweka juu ya kaunta mbele ya Bapuji aliyekuwa amerejea. Akasema kwa upole: "Bhai, kafuri yenu inanuka kama kabati la nguo. Na moshi wake umenitia kikohozi." Sisi tulitaka kubishana naye. Bapuji alitunyamazisha kwa mkono. Aliagiza bilauri ya maji safi, akatoa katika chupa yake ya zamani chembe ya kafuri aliyoijua, akaiangusha majini. Chembe ilielea, ikaanza kucheza juu ya maji, ikizunguka huku na huko kama mdudu. Kisha akaangusha chembe ya kidonge chetu. Ilizama mpaka chini, ikatulia.

Tuliyokuwa tumeyauza yalikuwa naftalini, dawa ya nondo.

Tuwaeleze vijana kwa nini maji yalitoa ushahidi. Kafuri ni nyepesi kidogo kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo huelea. Naftalini huyazidi maji uzito kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, kwa hiyo huzama. Chembe ya kafuri hucheza kwa sababu inapotawanyika juu ya maji hulegeza ngozi ya maji upande mmoja kuliko mwingine, nayo huvutwa kuelekea penye ngozi iliyokaza zaidi. Tone moja la mafuta hutosha kuikomesha ngoma hiyo. Naftalini nayo ina kaboni 10, lakini ina haidrojeni 8 tu na haina oksijeni. Kaboni ni takriban 94 katika kila gramu 100 zake, na ndiyo maana moshi wake ni mweusi na mzito. Zote mbili ni nyeupe, zote hupaa bila kuyeyuka, zote hufukuza nondo, na madukani watu huziita kwa jina moja.

Bapuji aliagiza makopo yote yaondolewe rafuni. Sisi tulimwomba anyamaze mpaka Diwali ipite. Tulimwambia kwamba makopo ya hekalu yamekwisha kutumiwa nusu, kwamba hakuna aliyeugua, kwamba jina letu litachafuka katika msimu wa mauzo. Alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Usiku wa Diwali tutafungua daftari jipya na kuandika Shubh Labh juu ya ukurasa wa kwanza. Kwa nini Shubh imeandikwa kabla ya Labh?" Ndugu zetu wageni, maneno hayo mawili maana yake ni heri na faida. Hatukuwa na jibu.

Alikwenda kwa miguu mpaka hapa hekaluni, akiwa na sisi nyuma yake, akaieleza Kamati mbele ya watu. Akachukua makopo yaliyobaki kwa mikono yake. Kisha akaandika tangazo kwa Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili na kulibandika mlangoni mwa duka: aliyenunua kafuri kwetu katika wiki hizo asiiwashe, airudishe, atalipwa fedha yake. Wengi walirudisha. Wengine walirudisha hata kile ambacho hawakukinunua kwetu, naye akalipa. Hasara ile tulikuwa tukiilipa miaka miwili. Wapo wateja ambao hawakurudi tena, na hatukuwalaumu. Yule Ba alirudi siku iliyofuata, akanunua kafuri ya robo shilingi ile ya zamani kutoka katika chupa ya Bapuji, akahesabu chenji yake kama kawaida, akaenda zake.

Tumelieleza jambo hili hadharani kwa mara ya kwanza tangu Bapuji afariki, kwa sababu hatari yenyewe haijaondoka. Naftalini huvunja chembechembe nyekundu za damu kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani kinachozilinda. Upungufu huo hupatikana zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa muda mrefu, Afrika Mashariki na sehemu za India zikiwamo. Watu wengi walio nao hawajui. Kichanga mwenye upungufu huo akivikwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini anaweza kupata manjano makali. Nguo za mtoto zilizotoka kabatini zifuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kuvaliwa.

Wala tusidhani kafuri halisi haina madhara. Harufu yake ya tiba imetuzoesha kuiamini mno. Ikimezwa huingia mwilini upesi na kushambulia ubongo; degedege laweza kuanza ndani ya dakika chache, na kwa mtoto mdogo hata gramu 1 imewahi kuripotiwa kuua. Kwa sababu ya ajali za namna hiyo, Marekani iliondoa mafuta ya kafuri madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuweka kikomo cha sehemu 11 katika 100 kwa dawa za kupaka. Sasa fikirini: kidonge cheupe, kidogo, kimewekwa kando ya sukari ya mawe ya prasad, katika meza ambayo kimo chake ni kimo cha mtoto wa miaka miwili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatutaki kuondoka jukwaani bila ya kuomba jambo. Tuna maombi manne.

La kwanza ni kwa wafanyabiashara wenzetu. Tuandike juu ya kopo kilichomo ndani ya kopo. Kama ni kafuri ya tapentaini, tuseme hivyo bila haya. Naftalini isikae katika rafu moja na vifaa vya ibada, na mteja akiomba "kafuri" tumwulize ni ya kuwasha au ya kabatini.

La pili ni kwa Kamati ya Hekalu. Mwali mdogo hauna upungufu mbele ya Mungu. Kidonge kimoja kinatosha mahali pa vitano, madirisha yakiwa wazi, na taa ya samli iendelee kuwaka kwa muda uliobaki. Vifua vya wazee wetu na dari mpya vitashukuru.

La tatu ni kwa akina mama na akina baba. Kafuri ikae juu, ndani ya chombo chenye kifuniko kigumu, mbali na prasad. Kafuri ya arati isitiwe kamwe katika chakula, hata kama jina lake linafanana na baras. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipakwe dawa yenye kafuri kifuani wala puani. Na mtoto yeyote akimeza kidonge, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, na kopo lichukuliwe ili daktari asome.

La nne ni kwa vijana. Nendeni nyumbani mkafanye jaribio la bilauri. Kidonge chenye nta au vitu vingine kinaweza kuwapotosha, kwa hiyo msilifanye kuwa hukumu ya mwisho. Lakini kinachozama kisiwashwe mpaka kijulikane ni nini. Kisha muulizeni muuzaji. Kama muuzaji ni sisi, tuulizeni sisi.

Ile bilauri bado tunayo. Iko juu ya rafu nyuma ya mizani, kando ya picha ya Bapuji, na kila kasha jipya la kafuri linapofika hatulifungulii wateja mpaka chembe yake moja imecheza juu ya maji. Wajukuu hugombania kuiangusha.

Tunawashukuru waanzilishi wa hekalu hili, ambao wengi wao hawapo tena nasi. Tunawashukuru mafundi, wapishi, walinzi na wafagiaji waliolitunza mwaka baada ya mwaka, ambao majina yao hayasomwi katika orodha za wafadhili. Tunawashukuru majirani ambao milango yao haijafungwa kwetu. Mungu aibariki nchi yetu, alibariki hekalu hili, na atujalie tuendelee kukutana mbele ya mwali wake kwa miaka mingi ijayo.